Kura zetu kule FIA zinaenda wapi?

Desemba 2024 macho ya wapenzi wa mbio za magari yalikuwa Kigali. FIA, lile shirikisho la Paris linalosimamia kila kitu kuanzia Formula 1 hadi rali na karti za watoto, lilileta mkutano wake mkuu na sherehe ya kutuza mabingwa Afrika kwa mara ya kwanza, na shirikisho lenyewe lipo tangu 1904. Max Verstappen alikuwepo, katoka kuchukua ubingwa wa nne wa F1, na siku hizo hizo akaonekana na vijana wa Rwanda wakishughulika na kigari cha mbio cha bei nafuu kilichoundwa hapo hapo nchini, manake alikuwa anatumikia adhabu ya kazi ya jamii aliyopewa baada ya kutumia neno la matusi mbele ya waandishi kule Singapore. Rais Kagame akatangaza kwamba Rwanda inaomba kuandaa F1. Mimi nilifurahi bana, na bado nafurahi nikikumbuka, kwa sababu mara ya mwisho F1 kukimbia bara hili ilikuwa Kyalami, Afrika Kusini, 1993, kuna watu leo wana watoto wao ambao mwaka huo hawakuwa wamezaliwa.

Sasa, wakati sisi tunaangalia picha za Verstappen na wale vijana, ndani ya mkutano huo huo wajumbe walipiga kura kubadilisha katiba ya FIA. Malalamiko ya maadili ambayo mwanzo yalikuwa chini ya jicho la seneti nzima, lile baraza la ndani la FIA, yakawekwa mikononi mwa watu wawili tu, rais wa FIA na rais wa seneti, na hao wawili wanaingia ofisini kwa orodha moja ya uchaguzi, yaani ukimchagua mmoja umemchagua na mwingine. Kamati ya ukaguzi nayo ikanyang'anywa uwezo wa kuanzisha yenyewe uchunguzi wa mambo ya pesa. Klabu za Uingereza na Austria zilipinga. Hoja ikapita kwa kama robo tatu ya kura.

Hiyo robo tatu ndiyo imeninyima usingizi tangu siku hiyo. Haikutoka Ulaya peke yake wala haikutoka Ghuba peke yake. FIA ina klabu wanachama zaidi ya 240 kwenye nchi karibu 150, na wengi wao ni klabu kama za kwetu, klabu za magari za nchi ambazo hazina hata kiwanja kimoja cha lami cha kukimbizia F1. Kwa hiyo mtu akiniambia ugomvi wa uongozi FIA ni mambo ya Wazungu na Waarabu, sisi tusubiri tu Safari Rally tukachome nyama Naivasha, namwambia hapana, huo ugomvi tumo ndani miguu yote miwili.

Na si jambo la jana. Ukirudi nyuma utaona kila rais wa FIA aliyegombana na wenye pesa wa F1 alikuwa anajua pa kukimbilia. Max Mosley, Mwingereza, alikaa kwenye kiti tangu 1993, na mwaka 2008 gazeti la kwao likaanika mambo yake ya chumbani, klabu kubwa zikamtaka ang'oke, watengeneza magari wakasema hawataki kuonekana naye. Akaitisha kura ya imani mwezi wa sita, akashinda 103 kwa 55. Klabu kubwa zenye mamilioni ya wanachama zilipiga kelele, klabu ndogo zikapiga kura. Mwaka uliofuata alisukuma kikomo cha bajeti kwa nguvu mpaka timu 8 za F1 zikatangaza zinaenda kuanzisha ligi yao, na hapo ndipo akakubali kutogombea tena. Akamwachia njia Jean Todt, bosi wa zamani wa Ferrari.

Aliyesimama dhidi ya Todt Oktoba 2009 alikuwa Ari Vatanen. Wazee wa rali hapa wanamkumbuka vizuri, ndiye aliyeshinda Safari 1983 na Opel Ascona, ameila hii vumbi yetu. Alikuja akisema FIA inahitaji uwazi, inahitaji mwisho wa enzi ya mtu mmoja kurithisha mwingine. Akapigwa 135 kwa 49. Sijui nchi gani ilimpa kura na gani ilimnyima, lakini hesabu ni hesabu, mtu aliyeshinda mbio zetu kubwa kuliko zote, anakuja na ajenda ya kusafisha nyumba, na anapata kura 49 tu dunia nzima.

Kuna mtu atasema, sawa, kwani klabu ndogo zilipoteza nini kwa kuwa upande wa Mosley? Hebu tuangalie ule mkataba wa 2001. Wakati wa Mosley, FIA ilikodisha haki za biashara za F1 kwa miaka 100, kuanzia 2011, kwa kampuni za Bernie Ecclestone, yule bosi wa biashara ya F1, kwa dola zaidi kidogo ya milioni 300. Tume ya Ulaya ilikuwa imeibana FIA itenganishe kazi ya kutunga sheria na kazi ya kufanya biashara, hilo naelewa na lilikuwa sahihi, lakini karne nzima? Liberty Media ya Marekani ilipoichukua biashara hiyo Januari 2017 thamani yake pamoja na madeni ilikuwa kama dola bilioni 8. Kila klabu iliyokuwa mwanachama wa FIA ilikuwa na sehemu kwenye hiyo mali, na mpaka leo tunaambiwa hakuna pesa za kununulia helmeti za vijana wa karti. Sote tulikuwa tumelala, na waliokuwa macho walijua tumelala.

Mohammed Ben Sulayem alipochaguliwa Desemba 2021 mimi nilikuwa upande wake. Nasema wazi kabisa. Mtu wa rali, bingwa wa Mashariki ya Kati mara 14, rais wa kwanza kutoka nje ya Ulaya, na kampeni yake ilikuwa FIA kwa wanachama, si FIA kwa timu 10 tajiri. Alimshinda Graham Stoker wa Uingereza kwa asilimia 61.62 na nikaona sasa meza imegeuka. Na kuna mambo amefanya ambayo hata adui yake akiwa mkweli atakubali: alikuta shirikisho lina hasara ya uendeshaji ya euro milioni 24 mwaka 2021, na hesabu za 2024 zikaonyesha faida ya milioni 4.7. Hilo si dogo, shirikisho likifilisika wa kwanza kuumia ni klabu ndogo.

Ndiyo maana yaliyofuata yameniuma zaidi.

Januari 2023 aliandika mtandaoni kwamba bei ya dola bilioni 20 iliyokuwa inatajwa kwa F1 ni ya kuongezwa chumvi, wanasheria wa F1 wakamjibu kwa barua kali, wiki chache baadaye akatangaza anajitoa kwenye shughuli za kila siku za F1. Sawa, hayo ni makosa ya mdomo, mtu anaweza kujirekebisha. Lakini watu wakaanza kuondoka. Natalie Robyn, mtendaji mkuu wa kwanza kabisa kuajiriwa na FIA, aliondoka Mei 2024 baada ya mwaka mmoja na nusu tu. Mkurugenzi wa michezo akaondoka, wa ufundi akaondoka, mkurugenzi wa mbio za F1 akaondolewa msimu ukiwa bado mbio tatu kwisha. Tim Mayer, stiwadi yaani mwamuzi wa mbio wa miaka mingi, naye akafutwa mwaka huo. Kulikuwa na tuhuma kwamba rais aliingilia matokeo ya mbio za Saudi Arabia 2023, kamati ya maadili ikachunguza na Machi 2024 ikasema haikupata ushahidi, na mimi hilo naliheshimu, hajapatikana na kosa. Lakini mwaka huo huo mwenyekiti wa kamati ya ukaguzi akatolewa, ofisa anayesimamia uzingatiaji wa kanuni akatolewa, na Desemba ndiyo ikaja ile kura ya Kigali. Mtu aliyesafishwa na kamati huru ndiye angekuwa wa kwanza kutaka kamati ibaki huru, ili watu waamini ule usafi.

Halafu Robert Reid. Hapa naomba mnivumilie kidogo, huyu kwangu si jina la kwenye gazeti. Reid alikuwa navigeta wa Richard Burns, walishinda Safari 1998 na Mitsubishi, wakashinda tena 2000 na Subaru, na 2001 wakawa mabingwa wa dunia. Baba yangu alinipeleka kusimama kando ya barabara mwaka ule wa 2000 na nilikula vumbi lao. Aliingia na Ben Sulayem kwenye orodha moja mwaka 2021 kama naibu rais wa michezo, yaani alikuwa mtu wake, si mpinzani. Februari 2025 alizuiwa kuingia kwenye kikao cha Baraza la Dunia la Michezo ya Magari, yeye na David Richards wa Uingereza, kwa sababu walikataa kusaini karatasi ya kufunga mdomo. Aprili akajiuzulu. Akasema wazi kwamba viwango vya utawala vimevunjika, na maamuzi makubwa, kama lile la FIA kuchukua yenyewe uendeshaji wa ubingwa wa rallycross, zile mbio fupi za magari uwanjani, yanafanyika bila utaratibu. Navigeta kazi yake ni kumsomea dereva kona kabla haijafika. Alisoma, hakuskizwa, akashuka garini.

Sasa njoo kwetu Naivasha, Machi 2025. FIA ilikuwa imeweka jedwali la faini za matusi mwanzoni mwa mwaka, kwa F1 zilikuwa zinaanzia euro 40,000 na ukirudia mara ya tatu unafungiwa, na kwenye rali ya Sweden mwezi wa pili Adrien Fourmaux akapigwa euro 10,000, na nyingine 20,000 zikaning'inizwa juu ya kichwa chake, kwa neno moja alilotoa kwenye mahojiano mwisho wa hatua, yaani kipande cha rali kinachopimwa muda. Jamaa wa rali hawana mishahara ya F1. Wakaungana chini ya chama chao cha WoRDA na wakatangaza: mwisho wa hatua ama tunanyamaza, ama tunajibu kwa lugha ya mama. Na Safari ndiyo mbio zilizofuata. Mimi nilikuwa nafuatilia kwa simu, mtandao unakatika katika, na nakwambia kusikia dereva anafika mwisho wa hatua, gari limejaa matope, mwandishi anamuuliza, halafu anaachia Kifini au ananyamaza tu, ilinisisimua kuliko overteki yoyote. Hakuna mtu aliyetukana. Hakuna aliyevunja sheria hata moja.

Na walipata walichotaka. Mazungumzo yakafanyika, na mwezi wa tano FIA ikapunguza faini ya msingi kutoka euro 10,000 hadi 5,000 na ikatenganisha mkutano rasmi na waandishi na yale maneno yanayomtoka mtu akiwa bado na joto la mbio. Madereva wa F1 walikuwa wameandika barua ya wazi Novemba 2024, wakiomba kutendewa kama watu wazima na kuuliza pesa za faini zinaenda wapi, barua nzuri sana, na baada ya barua hiyo ndiyo faini zikapanda. Wa rali walishika kitu kimoja ambacho wenye mbio wanakihitaji, sauti yao kwenye televisheni, wakakizuia kwa siku chache, hapa hapa kwenye ardhi yetu.

Sisi tunashika nini? Kura.

Na kura ndiyo hiyo tena imechezewa 2025. Mkutano wa Macau mwezi wa sita ulipitisha mabadiliko mengine ya katiba, klabu ya Austria, ÖAMTC, yenye wanachama zaidi ya milioni 2, iliandika barua kuomba yasimamishwe na haikuskizwa. Halafu ukaja uchaguzi. Kanuni inasema mgombea urais lazima aje na orodha kamili, ndani yake kuna makamu wa rais 7 wa michezo, wawili kutoka Ulaya na mmoja mmoja kutoka Afrika, Asia na Pasifiki, Mashariki ya Kati na kaskazini mwa Afrika, Amerika Kaskazini, na Amerika Kusini, na hao makamu lazima watoke kwenye majina yaliyopendekezwa na klabu kwa ajili ya Baraza la Dunia. Majina yalipotangazwa, Amerika Kusini nzima ilikuwa na jina moja tu, Fabiana Ecclestone, mke wa Bernie yule yule wa mkataba wa miaka 100, na huyo alikuwa tayari kwa Ben Sulayem. Jina haliwezi kukaa kwenye orodha mbili. Basi mchezo umeisha kabla haujaanza, hata ungekuwa na kura zote za Ulaya na Afrika mfukoni, orodha yako haiwezi kukamilika.

Tim Mayer, yule stiwadi, ndiye aliyejaribu kwa nguvu zaidi. Mwezi wa kumi kule Austin akajitoa, akasema haiwezi kuitwa demokrasia kukiwa na mgombea mmoja. Laura Villars, dereva kijana wa Uswisi, akaenda mahakamani Paris, mahakama ikakataa kusimamisha uchaguzi ila kesi ikaachwa iendelee 2026. Na Desemba 12 kule Tashkent, Ben Sulayem akarudi kwa zaidi ya asilimia 91, bila mpinzani.

Jambo ninaloulizia si la Paris. Klabu za Brazil, Argentina, Colombia, Chile, hizo zote hazikuwa na mtu mwingine wa kumpendekeza? Bara lenye historia kubwa hivyo ya mbio? Mtu mmoja? Na sisi Afrika Mashariki, nani aliketi akaamua tupendekeze nani na tusipendekeze nani, na alimuuliza nani? Sijaona klabu hata moja ya ukanda huu ikitangazia wanachama wake, kabla ya kwenda Kigali au Macau au Tashkent, kwamba hoja ni hii na sisi tutasimama hapa kwa sababu hii. Mwezi wa kwanza niliandikia klabu moja ya magari niliyo mwanachama wake nikauliza swali hilo tu, mlipiga kura vipi Kigali na kwa nini, nikaambiwa barua imepokelewa. Nikapiga simu mara mbili. Aliyepokea alikuwa na heshima lakini akaniuliza mimi hayo ya nini.

Waandishi wa Uingereza nao wana tabia inayonichoma, kila wakiandika kuhusu FIA wanagusia kwamba klabu za nchi maskini zinanunulika, ukizipa semina na hoteli nzuri umemaliza. Hilo ni tusi na halina ushahidi waliouweka mezani. Mzungu akipigia kura Mzungu ni msimamo, Mwafrika akipiga kura ni hongo? Wakati vita vikubwa vya uongozi vilikuwa vyao wenyewe kwa wenyewe, 1980 mbio za Hispania kule Jarama zilifutwa kwenye ubingwa kwa sababu Balestre, aliyeongoza chombo cha michezo cha FIA wakati ule, na Ecclestone hawakuelewana, 1982 timu za Uingereza zikasusia San Marino magari 14 tu yakaanza, na hakukuwa na Mwafrika hata mmoja kwenye ugomvi ule. Lakini nitawajibu vipi hao waandishi kama mimi mwenyewe, mwanachama ninayelipa ada, siwezi kupata sababu ya kura ya klabu yangu? Klabu iliyopigia kura mabadiliko ya Kigali inaweza kuwa na hoja nzuri kabisa. Labda waliona kamati za maadili zinatumika na timu kubwa kumpiga vita rais wao. Labda waliogopa kupoteza misaada ya miradi ya vijana. Waseme basi, tubishane.

Sisi hatukosi watu wa kukaa kwenye zile meza. Shekhar Mehta alizaliwa Uganda, akafukuzwa na Amin 1972, akahamia Kenya, akashinda Safari mara 5, na baadaye akaongoza kamati ya rali ya FIA yenyewe. Alikaa pale kama mtu anayejua rali kuliko wengi waliomzunguka, na hakuna aliyethubutu kumwambia amekuja kwa sababu ya hoteli.

Safari ilipotolewa kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002 tulikaa nje hadi 2021, karibu miaka 20, na iliporudi ilirudi kwa pesa za serikali na kwa mazungumzo marefu na watu hawa hawa wa FIA na promota wa WRC, yaani ubingwa wa dunia wa rali. Najua kuna hofu kwamba ukimuuliza rais maswali magumu kalenda ijayo utajikuta haumo. Hofu hiyo ina mantiki, siidharau. Lakini ndiyo hiyo hiyo inayofanya kanuni ziandikwe na wengine, halafu kalenda yenyewe pia inaandikwa na hao hao, na siku wakitaka kututoa hatutakuwa na kamati ya kulalamikia wala seneti ya kutusikiliza, kwa sababu tulizipigia kura zikapunguzwa meno tukiwa tumevaa suti Kigali.

Uchaguzi mwingine ni 2029. Majina ya Baraza la Dunia yatakusanywa miezi kadhaa kabla, klabu kwa klabu, na fomu moja ya hizo itajazwa kwenye ofisi ambayo kutoka kwangu ni dakika 40 kwa matatu. Barua yangu ya pili nimeshaichapa, mara hii nimeomba na majina ya wale waliokaa kwenye kikao, na Jumatatu nampelekea yule bwana wa simu mkononi.